Mshenga Aliyekwenda Rotterdam

SEHEMU YA TISA

Nilimwacha Elinaja Croydon, hapa London, ghorofa ya sita, mkono kwenye kitasa cha mlango, anasikiliza sauti ya shemeji yake. Shemeji huyo huyo ndiye aliyemwambia kwenye simu asubuhi ile kwamba yuko Rotterdam na mvua inamnyeshea. Wengi wenu mmenilalamikia wiki nzima kwamba nimewafanyia ukatili. Aliyefanyiwa ukatili ni yeye, si ninyi. Twendeni.

Alisukuma mlango bila kubisha.

Evodius alikuwa ameketi kwenye kiti cha mteja, koti limetundikwa nyuma yake, sambusa mkononi. Mezani palikuwa na kikombe cha chai na pasipoti yake. Upande wa pili alikaa Douglas, Mkenya ambaye kazi yake ni kuwafungulia watu makampuni nje ya nchi.

"Shemeji," alisema Evodius. Hakushtuka hata kidogo. "Karibu. Umeshakula?"

Uongo wa mvua Elinaja angeweza kuumeza. Huo ukaribisho ndio uliomkaba. Mtu anamkaribisha kwenye ofisi ya Douglas, na anayemlipa Douglas ni Elinaja.

"Mvua ya Rotterdam imekatika?" aliuliza.

"Nilitaka kukushtukiza. Kwa mazuri."

Nyuma ya Elinaja aliingia Usha, anahema kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Usha ni mzaliwa wa Moshi, duka lake liko Kilburn, na katika jiko la nyuma ya duka hilo ndimo pilipili ya Elinaja inamokaangwa. Aliweka mfuko wake mezani na chupa zikagongana ndani.

"Huyu ndiye yuko Holland?" alisema. "Basi mimi niende kwa daktari wa macho, maana naona Croydon."

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha basi, sikia kwa ufupi. Elinaja anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee huko Thamesmead. Siku zake za mapumziko anakaanga pilipili yenye vitunguu saumu na ndimu, kama alivyofundishwa na mama yake, Bi Namsifu, kule Same. Sura ya Bi Namsifu anacheka, na jina lake, viko kwenye lebo ya kila chupa. Wateja wake wakubwa wako Ubelgiji na Uholanzi, na tangu Uingereza ijitoe katika umoja wao, mizigo yake ilikuwa inakwama bandarini mpaka mingine inarudishwa. Ndipo akaamua kufungua kampuni hukohuko Uholanzi.

Kampuni ya kule haifunguliwi kwa maneno. Unakwenda kwa notari, yaani mwanasheria anayeandika hati ya kampuni na kuisoma kwa sauti mbele ya mwenye nayo. Usipoweza kwenda, unatuma karatasi ya uwakilishi, saini yako ithibitishwe hapa London, igongwe muhuri wa serikali, na kila muhuri una bei yake. Evodius, mume wa dada yake Eliapenda, mkazi wa Rotterdam, akasema gharama zote hizo za nini wakati yeye yupo. "Nitakwenda mimi. Nichukulie kama mshenga."

Elinaja akakubali, na nawaomba msimcheke. Kwao mtu hajiposei. Hata awe na digrii tatu, anamtuma shemeji mwenye kauli nzuri, anakaa nyumbani, anasubiri jibu. Kumfuatafuata mshenga nyuma ni kumtukana. Basi alituma pesa, akakaa, akasubiri kwa adabu. Kila alipoambiwa lipa hiki, alilipa.

Turudi ofisini, maana chai inapoa na mimi nimekasirika.

"Shemeji, naomba kuuliza," alisema Elinaja. Bado alikuwa anamwita shemeji. "Si uliniambia mtaji wa kampuni ya Uholanzi ni senti moja?"

"Na ni kweli. Muulize Douglas."

"It's true, Auntie," alisema Douglas. "One cent inatosha. Lakini hiyo ni share capital tu. Hiyo siyo cost."

"Cost ni ipi?"

Douglas alimtazama Evodius kwanza. Elinaja aliliona lile jicho.

"Usimwangalie yeye. Anayekulipa ni mimi."

"Okay." Douglas alijikohoza. "Kuna notary, over one thousand euros. Kuna registration, hiyo ni kidogo. Kuna address, monthly, juu serikali ya huko lazima ikuwe na mahali pa kutuma barua. Accountant pia ni monthly, hata kama hujauza kitu, juu VAT return lazima iende. Mwisho wa mwaka kuna annual accounts. Halafu bank. Bank ndio ilitusumbua sana. Hawapendi owner anayeishi nje."

"Yote hayo nimelipa," alisema Elinaja. "Nimelipa mpaka nimeuza gari."

"Sasa tunabeba pilipili kwenye basi," alisema Usha. "Juzi chupa moja ilipasuka, dereva mwenyewe akashuka."

Elinaja alikuwa bado anamtazama Douglas.

"Umesema bank ilisumbua. Halafu?"

"Halafu ikakubali. Account ikafunguliwa."

"Ilikubali vipi, na mimi naishi Thamesmead?"

Douglas alishika kalamu, akaiweka. Evodius aliendelea kutafuna, lakini polepole.

"Nakuuliza wewe, Douglas. Wamesema hawampendi mwenye kampuni anayeishi nje. Mimi naishi nje. Wamekubali vipi?"

"Auntie," alisema Douglas, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "kwa records, owner haishi nje. Owner anaishi Rotterdam."

Mnaelewa? Yule mshenga alipokaa mbele ya notari, akaulizwa mwenye kampuni ni nani, alijibu ni mimi. Hati ikasomwa, akaitikia kwa kichwa, akasaini. Akampigia Elinaja simu kumwambia mambo safi, atume ya mwezi wa kwanza wa mhasibu.

"Huyu alikwenda kuposa, akaoa yeye," alisema Usha. "Na bwana harusi aliyebaki nyumbani ndiye kalipia pilau."

"Msilichukulie hivyo," alisema Evodius. Alijifuta vidole kwa karatasi, kidogo tu. "Shemeji, nilikuokoa. Kule ukiwa na hisa na ukawa mkurugenzi, serikali inakulazimisha ujilipe mshahara. Zaidi ya euro elfu hamsini kwa mwaka, na wanakata kodi hapohapo. Ungeutoa wapi? Nimeubeba mimi huo mzigo."

"Ni kweli?" Elinaja alimuuliza Douglas.

"Rule iko. Lakini kampuni changa, unaongea na tax office, mnakubaliana salary ndogo. Nilieleza."

"Ulimweleza nani?"

"Yeye. Aliniambia yeye ndiye spokesman wa family, na nyinyi wanawake hamtaki kusumbuliwa na paperwork."

Hapo ndipo ulimi wa Elinaja ulipoachana na adabu. Miaka yote tangu mtu huyu amuoe dada yake, alikuwa hajawahi kumtaja kwa jina. Kwao halitajwi.

"Evodius," alisema.

Evodius aliweka sambusa chini.

"Irudishe kampuni yangu."

"Hisa hazirudi kwa kuamrishana. Ni notari tena, hati tena, gharama tena. Atalipa nani? Mimi nimezunguka kwenye maofisi ya watu kwa ajili yako, hata nauli sijaona."

"Nauli nilikutumia. Mara mbili. Mara ya pili ulisema umepoteza tiketi."

"Taja bei yako, wewe," alisema Usha. "Kila mwizi ana bei."

"Siuzi. Hii sasa ni kampuni ya familia."

Mimi nimeishi mjini hapa muda wa kutosha kujua kwamba mtu akishachukua chako, neno linalofuata kinywani mwake ni familia. Elinaja naye alilijua. Alivuta ule mfuko, akatoa chupa moja ya lebo nyekundu, ile kali kuliko zote, akaisimamisha mezani mbele ya Evodius. Bi Namsifu akawa anamcheka mkwewe uso kwa uso.

"Kaa nayo," alisema Elinaja. "Ulichonacho ni karatasi. Pilipili naikaanga mimi. Sura hii ni ya mama yangu na jina hili ni la mama yangu. Nitafungua kampuni nyingine. Nitapanda treni mwenyewe, nitakaa mbele ya notari mwenyewe, nitasomewa mwenyewe. Ukiuza hata chupa moja yenye uso huu, nakushtaki."

Usha alipiga meza kwa kiganja. Hata Douglas alionekana kupumua.

Evodius alitabasamu.

Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekuwa anasubiri neno hilohilo. "Mpigie dada yako," alisema.

Elinaja aliweka simu mezani, akafungua spika ili wote wasikie. Iliita mara moja tu.

"Nilijua utapiga," alisema Eliapenda.

"Dada, unajua alichonifanyia mumeo?"

"Hajakufanyia yeye. Nilimtuma mimi."

Usha aliinama karibu na simu.

"Kwani yule ni mama yako peke yako, Elinaja?" Sauti ya Eliapenda ilikuwa inatetemeka, na haikuwa kwa woga. "Umebandika uso wake kwenye chupa, umeuuza mpaka Antwerp. Uliniuliza? Hukunitumia hata chupa moja. Siku moja naingia dukani kununua unga, namwona mama yangu kwenye rafu, amebandikwa bei. Nikamnunua. Nimelipa pesa yangu kumpeleka mama yangu nyumbani."

Hilo lilimwingia Elinaja, na lilistahili kumwingia. Mimi mwenyewe, kwa hasira zangu zote, siwezi kumlaumu Eliapenda kwa uchungu ule. Dada mkubwa anaulizwa. Lakini kutoulizwa ni jambo moja na kuiba ni jambo jingine.

"Ungenipigia ukanitukana," alisema Elinaja. "Ningekaa kimya nikatukanwa. Ungesema unataka nusu, ningekupa nusu. Kwa nini kuniibia?"

"Hatujaiba. Mwenye sura ameamua mwenyewe. Ongea naye."

"Na nani?"

"Elinaja, mwanangu."

Hiyo ilikuwa sauti ya mama yao. Bi Namsifu anaishi Same. Jumapili alimtafuta, akaambiwa amekwenda kusalimia ndugu Moshi na simu yake haishiki chaji.

"Mama. Uko wapi?"

"Si niko huku kwa dada yako. Baridi gani hii, mnaishije ninyi? Soksi nimevaa mbili." Kikongwe alicheka kidogo. "Lakini si wewe uliyenitumia tiketi?"

Evodius alikuwa anaangalia dari.

"Shemeji yako alikuja nyumbani," mama aliendelea. "Akakaa, akasema, mama, nimetumwa na Elinaja. Nikampokea kama anavyopokewa mtu aliyetumwa. Nikachinja kuku. Akasema unataka saini yangu ili pilipili iwe mali yako, watu wasije wakakuibia. Nikasema kama ni mwanangu kanituma, naenda. Leo asubuhi tumekwenda kwa yule mzungu, akasoma sana, na mtafsiri akaniuliza kama naelewa. Nikamwambia naelewa. Nimesaini vizuri, mwanangu. Nimeandika majina yote matatu."

Elinaja aliinamisha kichwa juu ya simu. Nyinyi mnaosoma hapo, kama mna mama, mnajua kwa nini.

Kwenye simu, Eliapenda alikuwa amerudi. "Umesikia? Jina na sura vinaingia kwenye kampuni. Imebaki saini ya Evodius tu. Notari anamtaka kesho asubuhi, yeye mwenyewe, na pasipoti yake mkononi. Ana treni mchana huu, kwa hiyo..."

"Eliapenda, nyamaza," alisema Evodius.

Alikuwa amechelewa. Wote wanne walikuwa wanaitazama ile pasipoti.

Evodius ndiye aliyeirukia kwanza. Lakini vidole vilivyokula sambusa vina mafuta, na pasipoti iliteleza ikazunguka mpaka upande wa Usha. Usha aliifunika kwa kiganja kama mtu anayezuia karatasi isipeperuke.

"Mikono yako michafu," alimwambia. "Utaichafua."

Elinaja alifungua chupa. Hakufanya haraka. Aliivuta pasipoti kutoka chini ya kiganja cha Usha, akaifunua kwenye ukurasa wa picha, akamimina. Ilitoka nzito na nyekundu, mbegu kwa mbegu, vipande vya vitunguu saumu vikamwangukia Evodius wa kwenye picha usoni. Alipofika nusu ya chupa aliifunga pasipoti, akaikandamiza kwa mkono wake wote, akaifungua tena, akamimina nusu iliyobaki kwenye kurasa za viza.

Douglas alivuta laptop yake pembeni.

Macho ya kila mtu yalianza kuwasha. Nilidhani Evodius angempiga. Nakuambieni ukweli, hata mimi ninayeandika nilikuwa nimejiandaa. Lakini alikaa chini, akafunga macho, na alichosema kilimshangaza kila mtu.

"Hujui umeharibu nini," alisema.

"Nimeharibu safari yako."

"Auntie." Ilikuwa sauti ya Douglas. Alikuwa amesimama, jasho limemtoka. "Auntie, mimi hii kitu siwezi tena. Mama hakusaini karatasi moja leo. Alisaini mbili."

"Douglas," alisema Evodius.

"Wacha niseme. Ya kwanza ni ya jina na picha, hiyo ni sawa vile dada yako amesema. Ya pili imemfanya director. Na kesho huyu hangeenda kusaini ya jina peke yake. Alikuwa anaenda kusaini kutoka. Yeye anatoka, mama anabaki peke yake."

"Anabaki na nini?" aliuliza Usha.

"Na madeni. VAT ya ile shipment ya mwisho haijalipwa. Accountant hajalipwa tangu January. Auntie, pesa zile ulikuwa unatuma za kodi, hazikuwahi kufika tax office. Na kule serikali ikikosa pesa kwa kampuni, inauliza director ni nani."

Elinaja alielewa polepole, kipande kwa kipande. Mtu huyu alichukua kampuni ilipokuwa na pesa. Alipozimaliza, alitafuta wa kumwachia mzigo, na akamfuata mwanamke wa Same ambaye angemchinjia kuku. Na sasa, bila pasipoti, kesho hawezi kusaini kutoka.

"Douglas, unasema nini?" Ilikuwa simu. Ilikuwa bado wazi pale mezani, katikati ya pilipili. "Evodius, anasema nini huyo? Uliniambia unamweka mama kwa heshima. Uliniambia ni heshima tu, jina lake likae juu."

Evodius alifumbua macho, akautazama mlango.

"Evodius, nijibu. Huyu ni mama yangu."

Evodius alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile dada wawili walikuwa na hasira moja, na bahari katikati yao.

Kisha, nyuma ya kwikwi za Eliapenda, wakasikia kiti kikivutwa na mama akisogea karibu na simu.

"Elinaja? Mbona mmenyamaza wote?" alisema Bi Namsifu. "Kwani nimekosea, mwanangu?"

Machozi yalimtoka Elinaja, akainua mkono kujifuta, akakumbuka mkono huo una nini. Akauacha hewani.

"Hujakosea, mama," alisema. "Vaa koti, ukae hapohapo na dada. Usimfungulie mtu mlango, na usisaini kitu kingine hata akija anasema nimemtuma. Mimi simtumi mtu tena. Nakuja mwenyewe."

Alipogeuka kuondoka, Evodius alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa ameufunga kwa ndani, na ufunguo uliokuwa tunduni sasa ulikuwa mkononi mwake.